Siku Niliyolala kwenye Kitanda Chenye Tundu

Nianze kwa kukubali aibu yangu, maana nisipoisimulia mimi ataisimulia mke wangu, na yeye kila akisimulia anaongeza ndoo moja (ndoo ilikuwa moja tu, mtaelewa mbele). Mtaa wetu wote wa Kabondo unaijua hii habari, ofisini wanaijua, hata mama wauza kwanga, ule mkate wa muhogo, pale beach mitumbwi inapotia nanga wanaijua, kwa hiyo simfichi mtu. Ninachotaka ni kwamba angalau mara moja isimuliwe na yule aliyekuwa amelala pale.

Mimi ni muuguzi wa zamani. Siku hizi niko ofisi ya afya, na kazi yangu ukiiangalia vizuri ni ya ajabu kidogo: vituo vya afya vina wauguzi, wauguzi wanasimamiwa na wasimamizi wa zone, ambazo ni kama wilaya za afya, na hao wasimamizi ndio mimi ninawafundisha na kuwakagua. Yaani nasimamia wanaosimamia. Miaka na miaka tumeenda, tumejaza fomu, tumesaini daftari, tumerudi. Sasa siku moja mkutanoni, Docteur, mkuu wetu (mtu mpole, lakini akivua miwani ujue kuna mtu atalia), akavua miwani.

"Supervision tunafanya, fomu tunajaza. Bon. Inabadirisha nini?" akasema, halafu akanitazama mimi, kwa nini mimi sijui. "Donatien, sitake kujua mulienda mara ngapi. Nataka unipimie kama kule mwisho, ku mugonjwa, kuko kitu inafika. Lundi rapport yako iko ku meza yangu." Lundi, yaani Jumatatu.

Sasa ninyi hamjui kipimo chetu cha kawaida, ngoja niwaambie. Tunatuma barua wiki nzima kabla. Siku ya ziara unakuta sakafu imepigwa deki, glavu zimetoka kabatini, sabuni mpya haijaguswa na maji, na rejista ya mwezi mzima imejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiochoka. Tunaandika "vizuri sana", tunapewa soda, tunavuka mto. Tulichopima ni namna wanavyojua kupokea wageni, basi. Nikawaza, kama nataka ukweli lazima niende siku ambayo msimamizi haendi, yaani Jumamosi, na niende kama mgonjwa.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu Jumamosi hiyohiyo, saa tisa alasiri, nyumbani kwangu walikuwa wanakuja wageni kutoka Kindu. Binti yangu mkubwa, Béatrice, alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri anaitwa Idi, na jamaa zake walikuwa wanakuja kujitambulisha rasmi wakiongozwa na baba yake mdogo, Tonton Radjabu, mfanyabiashara wa vitenge. Haikuwa rahisi kuwafikisha hapo. Wao Waislamu, sisi Wakristo, na upande wao kulikuwa na mashangazi wawili waliokuwa wanatafuta sababu moja tu ya kusema hapana. Béa aliyalilia mambo haya mwaka mzima. Asubuhi ile akanishika mkono mlangoni, macho makavu, akaniambia, "Papa, nakuomba, ya leo tu, usifanye kitu yoyote."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nifanye nini?"

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaotwanga ndizi za lituma na kukaanga samaki, kila nikikaa naambiwa nihame, na nikapiga hesabu: kuvuka saa moja, kituoni saa moja, kurudi saa moja, saa sita niko nyumbani nimeoga. Nikavaa shati kuukuu la kwaya lisilo na vifungo viwili. Ordre de mission, ile karatasi yenye mhuri inayosema mimi ni nani, nikaiacha kwenye droo. Simu nayo nikaiacha (picha yangu ya mbele ilikuwa mimi na gilet, kizibao cha ofisi, ingetoboa siri). Nikatoka mikono mitupu, nafurahi mwenyewe, nikashuka beach nikapanda pirogue, mtumbwi wa abiria, hadi Lubunga, ng'ambo ya kushoto, kwenye kituo kimoja ambacho sijawahi kukanyaga na wala sikitaji jina.

Nikachagua kipindupindu. Msiniulize kwa nini, ninajua sasa hivi mnaniuliza. Ni kwa sababu katika magonjwa yote ndio wenye fomu ndefu kuliko zote, na mimi nilitaka kupima mambo mengi kwa safari moja.

Muuguzi mkuu wa pale ni Mama Alphonsine, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Alinawa mikono kabla hajanigusa. Nikaweka alama moja kichwani. Akaniuliza ilianza lini, nikamwambia usiku.

"Na choo iko namna gani, papa?"

"Iko kama maji ya kuoshea muchele, mama," nikajibu. (Mgonjwa wa kweli hasemi hivyo hata siku moja, mgonjwa anasema tumbo inakimbia. Maji ya mchele yako kitabuni, na kitabu hicho nilisaidia kukiandika mimi.)

Akaacha kuandika. "Ulitoka wapi?"

"Isangi, na baleinière. Mutu mbili waligonjwa mule ndani." Uongo mtupu, boti hiyo kubwa ya mbao sikuipanda, lakini fomu ina swali la safari, nikaona nisiliache tupu.

Akanibana ngozi ya tumbo. Hiki ni kipimo: ngozi ikirudi haraka maji yako mwilini, ikikaa juu imejikunja umekauka. Sasa jamani, mimi nina miaka hamsini na sita, na ngozi yangu ukiibana leo inarudi kesho. Akanitazama macho, nayo macho yangu yamezama tangu nikiwa shule, marehemu mama aliniita mzee nikiwa darasa la tatu. Akaniambia nitoe ulimi. Nilikuwa sijanywa chai kwa sababu jikoni walinifukuza, ulimi ulikuwa mkavu. Kila alama iliyoko kwenye lile bango ukutani nilikuwa nayo, na sikuwa mgonjwa, hiyo ilikuwa sura yangu tu ya kila siku.

Mama Alphonsine akamgeukia muuguzi mwenzake, akasema kwa utulivu, "Plan C. Leta sérum mbili, ita relais, tunapigia zone telefone." (Plan C ni ya aliyekauka kabisa, sérum ni maji ya mshipani, na relais ni mjumbe wa afya wa mtaa.) Halafu kwangu, "Papa, toa pantalon."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema basi, samahanini, mimi ni fulani. Mimi nikawaza: wamefika hatua ya saba kati ya kumi na mbili za fomu yetu, hakuna kituo kilichowahi kufika ya saba, ngoja nione ya nane. Nikavua suruali.

Kwa wasiokijua, kitanda cha kipindupindu kimewambwa plastiki na katikati kina tundu, chini ya tundu kuna ndoo yenye mistari ya kupimia, na mgonjwa analala makalio yakiwa palepale kwenye tundu, amefunikwa pagne, yaani kitenge, juu, chini hewa inapita. Kitanda kilikuwa ndani ya hema uani, na hema lilikuwa na uzio wa wavu wa rangi ya machungwa, na ng'ambo ya wavu kulikuwa na foleni ya mama wajawazito waliokuwa wanangoja zamu yao bila kitu kingine cha kutazama. Mmoja akaanza kuniombea kwa sauti, kwa Lingala, na wenzake wakaitikia amen. Sindano ikaingia mkononi, maji yakaanza kushuka.

Kila nusu saa Mama Alphonsine alikuja kuchungulia ndoo. Ndoo tupu. Mimi nikafikiri sasa atashtuka, atajua mtu huyu hana kitu. Yeye akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwambia mwenzake, "Unaona? Amekauka mpaka hakuna kitu ya kutoka. Ongeza speed." Yaani jinsi nilivyozidi kuwa mzima ndivyo nilivyozidi kuwa mahututi!

Akaja na rejista. Jina? Nikampa la kweli. Anwani? Nikampa ya kweli, avenue na namba ya kiwanja, na nilimpa kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuona timu inayovuka mto siku hiyohiyo kwenda nyumbani kwa mgonjwa. Hii ndiyo hatua ya kumi na mbili, wanayoanguka wote. Wanaandika anwani, anwani inalala kwenye rejista, miezi miwili baadaye mimi nakuja nawagombeza. Nikaweka alama ya swali kichwani na nikafumba macho. Bila shaka nilisinzia, kwani maji yale ni baridi na nilikuwa nimeamka alfajiri.

Nilipofumbua macho nikauliza saa. Saa nane na nusu.

Wageni saa tisa! Nikaketi kitandani nusu nianguke ndani ya tundu, nikaanza kung'oa plasta ya sindano, nikaita, "Mama Alphonsine, basi, imeisha, mimi siko mugonjwa. Mimi niko encadreur, natoka ku bureau ya province. Nilikuja kuwapima. Mulifanya muzuri sana, félicitations, sasa munirudishie pantalon."

Akasimama miguuni pangu. Kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona akitabasamu, akamgonga mwenzake kwa kiwiko.

"Umesikia? Njo ile mufano ya formation! Kabisa kabisa!"

Ule mfano niliutunga mimi. Tunapofundisha wasimamizi, nao wakafundishe wauguzi, kuna mchezo mmoja tunaucheza mbele ya watu wote: mgonjwa anayeogopa kutengwa anasimama anajidai ni mkubwa wa mkoa, anapiga kelele arudishiwe nguo, na muuguzi hatakiwi kumwachia hata akilia. Mimi ndiye nilikuwa nacheza yule mkubwa, na nilikuwa nacheza vizuri, watu walikuwa wanacheka hadi machozi. Na kuna jibu la kumpa, sentensi moja, nililiweka mwenyewe nikiwa najisifu kwamba watalishika haraka.

Mama Alphonsine akanilaza chini taratibu kwa mkono kifuani. "Mukubwa," akasema, "microbe haijue grade." Yaani kijidudu cha ugonjwa hakijui cheo.

Nikamwambia ndio, sentensi ile ni yangu! Akasema ndio papa, ni yako, tulia. Nikamwambia binti yangu anaposwa leo. Akasema pole papa, watakungojea, pona kwanza. Nikataja jina la Docteur, nikataja rangi ya mlango wa ofisi, nikamtajia hatua zote kumi na mbili kwa mpangilio, na nilipofika ya tisa akamnong'oneza mwenzake kwamba sasa homa imepanda kichwani, waandike "anaweweseka". Ng'ambo ya wavu wale mama wakaanza tena kuomba, safari hii kwa nguvu.

Nililia, sitawaficha. Nililia kwa hasira, nimelala chali, na katikati ya hasira nikawaza jambo jingine: yale maneno niliyaacha kwenye chumba kimoja cha mafunzo upande wa pili wa mto, na kumbe yalikuwa yamevuka yenyewe yakafika hapa, kwa mama huyu, na alikuwa anayatumia siku ya Jumamosi bila mtu wa kumwona. Nilifurahi. Hebu fikirieni, makalio kwenye tundu, na nafurahi.

Saa tisa na nusu ndipo akaingia Jean-Bosco, msimamizi wa zone, aliyekuja kuandikisha kisa. Kijana niliyemfundisha mwenyewe, na mpaka leo huniita formateur, mwalimu. Akainua pazia la hema, akanitazama, akatazama ndoo, akanitazama tena.

"Formateur?"

Mama Alphonsine akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Jean-Bosco," nikasema, "niambie hamujatuma mutu kwangu."

Akaangalia chini. "Équipe ilishafika, formateur. Nilipigia batu ya Kabondo telefone tangu saa nane. Na mégaphone."

Hatua ya kumi na mbili. Walifika ya kumi na mbili!

Nilimwomba Mama Alphonsine avuke na mimi, kwani Jean-Bosco aliongea na timu kwa simu na wakamwambia wageni hawataki kusikia la mtu yeyote ila aliyemwona mgonjwa kwa macho yake. Alikubali, akachukua rejista yake akaikumbatia. Kwenye pirogue tulikaa tukitazamana magoti. Nilimwomba kitu kibaya, nakiri: nilimwomba aseme nilikuwa mgonjwa kweli, nimepona.

"Papa, mimi ku registre naandikaka cas ama non-cas," akajibu, yaani mgonjwa au si mgonjwa. "Sérum ine tulikuwekea, kesho mutoto akikuja, hakuna, ni wewe ulizikunywa. Ku nyumba yako utasema wewe mwenyewe." Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe.

Tulipofika kwangu mtaa ulikuwa umesimama. Watu wenye magauni meupe na mapipa mgongoni walikuwa wamepuliza klori mlangoni, chooni, jikoni, kwenye vitanda, na mwenye mégaphone alikuwa ameshalitangaza jina langu kamili avenue mbili kwenda na mbili kurudi. Harufu ilikata macho. Meza ya wageni imewekwa nje, lituma na samaki wazima wazima, vyote vimelowa dawa. Jamaa wa Kindu walikuwa wamekaa mstari mmoja kwenye viti vya plastiki, kila mtu na vidonge vitatu mkononi na maagizo ya kutosafiri siku tano, na mmoja wa wale mashangazi alikuwa amevaa glavu. Mke wangu aliniona, akanirukia shingoni, akanigusa uso, akalia. Béa alikuwa amesimama mlangoni na vidonge vyake bado viganjani, hajavimeza.

Tonton Radjabu akainuka. Mtu mrefu, kanzu yake imepata madoa meupe ya klori pajani. Akaja mpaka karibu, ila si karibu sana.

"Bokilo, pole," akasema, yaani mkwe. "Ugonjwa ni ya Mungu. Hapana kupata haya. Tutangojea siku tano, na kama Mungu anapenda, tutazungumuza."

Mlango ulikuwa umefunguliwa pale, mpana kabisa, nipite. Nilichotakiwa ni kukohoa kidogo na kusema aksanti. Nikamwona Béa ananitazama, na nikajua kwamba anajua. Anajua sura yangu ya kuugua na sura yangu ya kudanganya, amekaa na mimi miaka ishirini na tano.

Nikasema. Nikasema yote, mbele ya mtaa, shati la kwaya limefunguka: kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba nilikwenda kupima wauguzi, Isangi sijaenda tangu mwaka jana, wale watu wawili wa baleinière hawako duniani. Mama Alphonsine akafungua rejista, akasoma kwa ile sauti yake ya chini, "Non-cas." Mtu wa mégaphone, ambaye kwake kazi ni kazi, akarudia, "NON-CAS!" Mtaa ukalipuka kwa kicheko, na shangazi mwenye glavu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba afadhali ningekuwa mgonjwa.

Tonton Radjabu hakucheka. Alimgeukia Mama Alphonsine. "Aliwaambia yeye ni mukubwa?"

"Aliniambia."

"Na ukamukatalia?"

"Njo vile walitufundisha."

"Nani aliwafundisha?"

Mama Alphonsine akanielekeza kidole. Mzee akakitazama kile kidole, akanitazama mimi. Halafu akawageukia mashangazi.

"Mutu mwenye anafundisha batu muzuri mpaka wanamukatalia yeye mwenyewe," akasema, "mutoto wake iko na malezi. Kwa kichwa yake yeye mwenyewe, sijue. Lakini tunakuja kuoa mutoto, hatukuje kuoa papa."

Béa akavimwaga vidonge kwenye mkono wa muuguzi wa timu, akaingia ndani, na kule ndani tukamsikia anacheka na kulia kwa pamoja.

Faini nilitozwa. Kwa desturi zetu faini hutozwa upande wa mwanaume, akichelewa, akikosea salamu, akikanyaga mkeka; sijawahi kusikia baba wa binti ametozwa, lakini mashangazi walikaa kikao wakapata: mbuzi wawili, na siku ya ndoa sitapewa neno isipokuwa kusalimia. Mke wangu alisaini haraka kabla sijafungua mdomo. Ripoti niliiandika usiku wa Jumapili, ukurasa mmoja, na chini niliomba sérum nne zirudishwe Lubunga zikikatwa kwenye mshahara wangu. Docteur aliisoma bila miwani. Akasema ndiyo ripoti ya kwanza aliyoiamini, halafu akauliza kama mwezi ujao ningeweza kupima kituo cha Yanonge, safari hii kwa ugonjwa wa mpox. Nilimwambia aende yeye.

Nimeapa, na ninyi ni mashahidi: nikitaka kujua kama wauguzi wanafanya kazi nitapita mlango wa mbele, nitasema jina langu, nitakaa kwenye kiti kisicho na tundu. Lakini nyumbani hawaamini. Juzi natoka kwenda kazini, nimevaa gilet, kalamu mfukoni, mtu wa heshima kabisa, Béa akanisimamisha mlangoni akanikagua kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Papa," akaniuliza, "leo unatoka kama nani?"